Kiapo Ng'ambo ya Lubiriha

Siku ya soko, Lubiriha ni mto mdogo wa kuvukwa tu. Kutoka Kasindi, upande wa Kongo, kahawa na kakao za Beni zinaelekea Mpondwe. Kutoka Mpondwe, upande wa Uganda, zinarudi chumvi ya Katwe, samaki na unga. Wenye mizigo hiyo wanaulizana habari za wagonjwa na za misiba, kwa sababu wengi wao ni ndugu. Wanande wa Beni na Butembo na Wakonzo wa Kasese wanasema lugha moja, na watoto wao wanapewa majina yale yale kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: Paluku wa huku ni Baluku kule, Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka. Mpaka unaowagawa ulikubaliwa na Wazungu mjini Brussels mwaka 1910, na mlima Rwenzori ukakatwa katikati pamoja na watu wake.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa Kasindi. Ni mtu wa kubuni, lakini yanayomzunguka si ya kubuni. Amemaliza sekondari, ana diploma ya Serikali, anaendesha pikipiki ya mtu na kila jioni anampelekea mwenyewe hesabu ya siku. Baba yake mdogo anaishi Bwera, ni raia wa Uganda, na mtoto wa baba huyo mdogo ni askari wa UPDF, jeshi la Uganda. Akija likizo anamwambia: “Njoo kwetu, ndugu yangu. Ni herufi moja tu ya jina. Mwenyekiti wa LC1 anatufahamu.” Mama wa kijana, aliyekuwa anachambua maharage, anauliza bila kuinua kichwa: “Na wakikutuma Beni na bunduki, mwanangu, utafanyaje?”

Swali la mama huyo lina uzito zaidi kuliko yote yanayosemwa kuhusu uzalendo kwenye mikutano ya hadhara. Halimuulizi kijana anaipenda nchi gani. Linamuuliza atakuwa amempa nani mkono wake wa kuua, na kama ataweza kuudai tena siku akiuhitaji.

Sheria ina jibu fupi. UPDF inaandikisha raia wa Uganda wenye kitambulisho cha taifa na barua za utambulisho zinazoanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na kupanda hadi wilayani. Kwa upande wa Kongo, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 inamwondolea uraia huo anayechukua wa nchi nyingine. Ibara ya 63 inahesabu ulinzi wa nchi kuwa haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongo. Kwa hiyo kijana wa Kasindi ana njia mbili tu za kuvaa sare ya ng'ambo. Ahamie kweli, awe Mganda kwa haki na mbele ya watu wote, na aache kuwa Mkongo. Au aseme uongo juu ya mahali alipozaliwa, kisha ainue mkono na kuapa kwa jina la Mungu juu ya uongo huo.

Njia ya kwanza haina aibu. Watu wa mlima huu wamehamahama pande zote mbili kabla ya kuwapo kwa Kampala na Kinshasa. Ni njia ya pili inayopaswa kumsumbua mtu wa dini, iwe Mkatoliki wa parokia ya Oicha, Mbaptisti wa Butembo au Mwislamu wa Beni. Kiapo ni ahadi inayomweka Mungu kuwa shahidi. Mtu anayemwita shahidi huyo athibitishe jina la uongo amekivunja kiapo kabla hajakabidhiwa bunduki.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kumlaumu kijana na kunyamaza juu ya nchi yake. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamechinjwa mashambani na majumbani na ADF, kundi la waasi lililozaliwa Uganda na kuweka makao upande wa Kongo wa Rwenzori katikati ya miaka ya 1990. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mauaji yakaendelea. Januari 2023 bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste hapo hapo Kasindi, waumini wakiwa kwenye ibada. Juni mwaka huo huo wauaji walivuka mpaka wakaingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Ndugu wa pande mbili walizika watu wao kwa sababu ya adui mmoja.

Katika hali hiyo, Novemba 30, 2021, ndege na mizinga ya Uganda ilipiga kambi za ADF, na operesheni iliyoitwa Shujaa ikaanza kwa ushirikiano na FARDC, jeshi la Kongo. Nyuma ya askari zikaja tingatinga, kwa kuwa nchi hizo mbili zilikuwa zimekubaliana kutengeneza barabara za kilomita 223, pamoja na ile ya Kasindi hadi Beni na ile ya Beni hadi Butembo. Miaka iliyofuata askari wa Uganda walisogea hadi wilaya ya Lubero. Kuna jambo jingine ambalo mgeni haliwazi lakini mwenyeji analisikia kila siku: askari wa Uganda anazungumza Kiswahili, lugha ya jeshi lao tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakati askari wa FARDC mara nyingi anaamrisha kwa Kilingala, urithi wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji. Kwenye kizuizi cha barabarani, mama wa Kinande anaweza kuelewana na mgeni haraka kuliko na mlinzi wa nchi yake.

Kijana wa Kasindi ana hoja hapo, na ni hoja nzito. Kama jirani ndiye anayelinda shamba la mama yangu, na serikali yangu imeshindwa, nina deni kwa nani? Kwa miaka mingi mshahara wa askari wa cheo cha chini wa Kongo ulikuwa kama dola 100 kwa mwezi, na mara nyingi ulichelewa. Iliposemwa mwaka 2025 kwamba mishahara ya wanajeshi na polisi itaongezwa maradufu, Goma na Bukavu zilikuwa zimekwisha kuangukia mikononi mwa waasi wa M23. Nchi inayodai wajibu mtakatifu kutoka kwa watoto wake inapaswa kwanza kuwatimizia wa kwake.

Lakini hoja hiyo inachanganya shukrani na kiapo. Shukrani inatazama nyuma, kwenye wema uliokwisha kutendwa, na ina njia nyingi za kulipwa: chakula, habari za adui zinazotolewa kwa wakati, ukarimu kwa askari aliye mbali na kwao. Kiapo cha kijeshi kinatazama mbele, kwenye vita ambavyo havijatangazwa, chini ya wakubwa ambao bado hawajateuliwa. Anayeapa leo kwa sababu UPDF inapigana na ADF anaapa pia kwa ajili ya siku UPDF itakapopigana na mtu mwingine. Na hapa Beni na Butembo, siku kama hiyo imekwisha kuonekana.

Mwaka 1998 jeshi la Uganda liliingia mashariki ya Kongo na kukaa hadi 2003. Beni ikawa makao ya RCD-K/ML, chama cha waasi kilichoongozwa kwanza na Ernest Wamba dia Wamba, aliyekuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha na Mbusa Nyamwisi, mtoto wa Beni. Vijana walifunzwa vita na maofisa wa Uganda katika kambi ya Nyaleke, karibu na mji. Wengine walipelekwa mbali zaidi. Umoja wa Mataifa ulithibitisha kwamba watoto wa Bunia, Beni na Butembo walioandikishwa walivushwa mpaka hadi Uganda, na Februari 2001 UNICEF iliwatoa watoto 163 wa Kongo katika kambi ya mafunzo ya Kyankwanzi. Juni 2000 jeshi hilo hilo la Uganda lilipigana kwa siku sita na jeshi la Rwanda katikati ya Kisangani, majeshi mawili ya majirani yakirushiana mabomu juu ya paa za Wakongo.

Mahakama ya Haki ya Kimataifa, The Hague, ilitoa hukumu tarehe 19 Desemba 2005: Uganda ilikuwa imevunja sheria za mataifa, na miongoni mwa makosa yake ni kuwafunza vita watoto. Februari 2022 mahakama ikapanga fidia ya dola milioni 325, ilipwe kwa mafungu ya milioni 65 kwa mwaka. Fungu la kwanza lilitakiwa Septemba 2022, miezi michache tu baada ya askari wa Uganda kurudi Beni wakiwa wageni walioalikwa. Jeshi moja lilikuwa mdaiwa mahakamani na mlinzi porini kwa wakati mmoja. Kijana anayetaka kuingia humo hana budi kuzijua sura zote mbili, kwa maana kiapo hakimruhusu kuchagua sura anayoipenda.

Historia ya Maziwa Makuu ina watu waliopita njia hii, na maisha yao yanafundisha. Fred Rwigyema alipelekwa Uganda mtoto, mkimbizi kutoka Rwanda. Alipigana msituni pamoja na Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, akawa meja jenerali na naibu waziri wa ulinzi. Jeshi la jirani lilimpa kila kitu isipokuwa jibu la swali la yeye ni wa wapi. Wenzake Wanyarwanda walisemwa kuwa wageni hata wakiwa na nyota mabegani. Oktoba 1990 alivuka mpaka na wenzake kwenda kupigania Rwanda, akafa siku za mwanzo kabisa. Miaka iliyofuata vijana wa Kivu, akiwamo Laurent Nkunda, walijiunga na jeshi lililoanzishwa na wenzake hao, nao wakarudi Kongo na vita mgongoni. Bosco Ntaganda, aliyezaliwa Rwanda na kukulia Masisi, alipita katika jeshi la Rwanda, kisha katika makundi ya waasi ya UPC ya Ituri na CNDP, akawa jenerali wa FARDC, kisha M23, na mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu miaka 30 gerezani kwa aliyoyafanya Ituri. Na mwaka 1998 mambo yalikuwa yamegeuka kabisa: mkuu wa majeshi ya Kongo alikuwa James Kabarebe, ofisa wa Rwanda. Alipoondolewa Julai mwaka huo, hazikupita wiki nyingi akawa anaongoza vita dhidi ya serikali aliyokuwa akiitumikia.

Huenda msomaji akasema hiyo ni laana ya eneo letu. Siyo. Waireland, ambao Kongo iliwajua mwaka 1960 walipokuja na kofia za Umoja wa Mataifa na kupoteza askari 9 huko Niemba, Katanga, wamebeba swali hili la kuvaa sare ya jirani kwa zaidi ya karne. Jirani yao ni Uingereza, iliyowatawala. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ireland ilijitenga na vita, na karibu askari 5,000 waliliacha jeshi lao bila ruhusa wakajiunga na la Uingereza kupigana na Hitler. Waliporudi mwaka 1945, serikali yao iliwanyima malipo ya uzeeni na kuwazuia kupata kazi za serikali kwa miaka 7. Msamaha ulikuja mwaka 2013, wengi wakiwa makaburini.

Vita dhidi ya Hitler vilikuwa vya haki, na watu hao walikuwa sahihi kuviona hivyo. Ila jeshi walilojiunga nalo halikuwa na vita hivyo pekee. Januari 30, 1972, katika mji wa Derry, Ireland Kaskazini, askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji na kuua watu 13 siku hiyo. Mwireland aliyekuwa ameingia jeshi hilo kwa ajili ya mshahara au ya kuiona dunia alijikuta mbele ya swali la yule mama wa Kasindi. Leo sheria inamruhusu raia wa Ireland kujiandikisha Uingereza kwa jina lake halisi, na wapo wanaofanya hivyo. Kilichowezesha utulivu huo ni mapatano ya amani ya Ireland Kaskazini ya mwaka 1998 na kizazi kizima cha watu wanaoamini, kwa sababu ya msingi, kwamba majeshi hayo mawili hayatakutana kwenye uwanja wa vita. Kati ya Kongo na Uganda imani hiyo bado ni changa, na mapatano ya sasa yanategemea wanasiasa wachache.

Je, dini inasema nini? Haimkatazi mtu kuwa askari. Katika Injili ya Luka, askari wanamwendea Yohane Mbatizaji na kumuuliza wafanye nini. Hawaambii watupe silaha, anawaambia wasimnyang'anye mtu na watosheke na mshahara wao. Kornelio, katika Matendo ya Mitume, ni ofisa wa jeshi la Kirumi lililokuwa likiikalia nchi ya Wayahudi, na Petro anaagiza abatizwe bila kumtaka aache kazi. Lakini Kanisa hilo hilo linamheshimu Maksimiliani wa Tebessa, kijana wa Afrika Kaskazini aliyekatwa kichwa mwaka 295 kwa sababu alikataa kuandikishwa. Mwamuzi alimkumbusha kwamba Wakristo wengine walikuwa wanatumika katika jeshi la kaisari. Maksimiliani hakuwalaani hao. Alijibu kwamba wao wanajua linalowafaa, lakini yeye ni Mkristo na hawezi kutenda mabaya.

Watakatifu hao wawili, Kornelio na Maksimiliani, hawapingani. Wanaonyesha kwamba mipaka ya kiapo inapimwa na dhamiri ya mwenye kuapa. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitamka waziwazi kwamba utii wa upofu haumwokoi mtu aliyetekeleza amri ya kuangamiza watu. Katika Uislamu kuna mafundisho ya Mtume yanayojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa: hatiiwi kiumbe katika jambo la kumwasi Muumba. Na kabla ya hao wote, Sokrate wa Athens, aliyepigana vita vya mji wake kwa ushujaa, alipoamriwa na watawala dhalimu kwenda kumkamata mtu asiye na hatia aitwaye Leoni wa Salami, alikwenda zake nyumbani. Alikuwa askari mtiifu, na alikuwa na jambo moja asilolitii.

Mawazo haya yanakutana kwenye jibu moja. Mtu anaweza kuitumikia bendera isiyo yake bila kuwa msaliti, mradi abaki na uwezo wa kukataa. Na uwezo huo ndio unaomponyoka Mkongo aliyeingia UPDF kwa jina la kubadilishwa. Akiamriwa kuwapiga watu wa kwao na akakataa, atafunguliwa mashtaka ya kijeshi na nchi ambayo si yake. Hatakuwa na ubalozi wa kumtetea, kwa maana kwenye karatasi yeye si Mkongo. Hatakuwa na ukoo wa kusimama naye, kwa maana baba mdogo aliyemtolea ushahidi wa uongo atakuwa na hofu yake mwenyewe. Akitii, basi ameupoteza mji wake. Uongo wa herufi moja umemfungia milango yote miwili. Mkenya anayejiandikisha katika jeshi la Uingereza, kama sheria ya huko inavyowaruhusu raia wa Jumuiya ya Madola, anaingia akiwa na jina lake na pasipoti yake. Anaweza kujuta, anaweza kuondoka kwa utaratibu, na nchi yake inajua yuko wapi.

Butembo na Beni zina desturi ndefu ya kukataa bila bunduki. Askofu Emmanuel Kataliko aliongoza jimbo Katoliki la Butembo-Beni tangu 1966 hadi alipohamishiwa Bukavu mwaka 1997. Katika barua yake ya Krismasi ya 1999 alikemea mataifa ya kigeni yaliyokuwa yakiipora nchi kwa msaada wa baadhi ya Wakongo wenyewe. Waasi walimfukuza Bukavu mwezi Februari 2000 wakamrudisha kwa nguvu Butembo, akakaa huko hadi Septemba; alifariki Roma mwezi uliofuata. Padri Vincent Machozi wa shirika la Waasumpsio, aliyekusanya habari za mauaji ya Beni, alipigwa risasi karibu na Butembo Machi 2016. Hawa waliitumikia nchi iliyokuwa kama haipo, na hawakungoja iwe nzuri ndipo waipende.

Watu wa Beni wenyewe, kwa upande mwingine, wameonyesha kwamba uaminifu wao haufuati kabila. Walimlilia Kanali Mamadou Ndala wa FARDC, aliyeuawa karibu na mji wao Januari 2, 2014, kama mtoto wao, ingawa hakuwa Mnande na alikuwa Mwislamu katikati ya Wakristo wengi. Walimpenda kwa sababu alisimama mstari wa mbele. Serikali ya Kinshasa inayotaka vijana wa Kivu Kaskazini wavae sare yake ina mfano huo mbele ya macho: mkubwa anayekwenda na askari wake vitani, mshahara unaofika, jeneza la askari linaloheshimiwa, mjane anayelipwa.

Viongozi wa dini nao wana kazi iliyo mikononi mwao kabisa. Cheti cha ubatizo hutumika kama ushahidi wa kuzaliwa, na barua ya mchungaji au ya imamu ina nguvu mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Anayeandika Baluku mahali pa Paluku ili kumsaidia kijana anashiriki kiapo cha uongo, hata kama nia yake ni huruma. Afadhali amwite kijana na wazazi wake, awasikilize juu ya njaa na juu ya pikipiki ya mtu, kisha awaeleze njia ya uhamisho wa halali na bei yake. Na kama inawezekana, awakutanishe na mmoja wa wale waliopelekwa Uganda mwaka 2000 wakiwa watoto. Leo ni watu wazima wenye familia, wengine wamerudi kwao. Wanajua jinsi lori linavyoondoka usiku, na wanajua ilivyokuwa kurudi katika mtaa ambao mama za wenzao bado wanauliza habari. Fidia ya The Hague ilipangwa kwa ajili ya madhara waliyotendewa watu kama wao. Wana haki ya kuipata, na wana haki ya kusikilizwa kabla ya kijana mwingine hajavuka Lubiriha kwenda kuapa.